Viazi Ulivyoniachia Hapo Uani

Baba Nekesa, jirani yangu,

Sopa. Hiyo salamu ni ya adabu tu, usifikirie nimefurahi. Kama uko huko Bungoma unakula kuku, kwanza meza, maana nimekuja kukutukana.

Uliniambia wiki mbili. Ulisimama hapo kwa ua, begi iko begani, ukasema, "Mzee, naenda kuona mama. Niangalilie viazi." Nikakuuliza, vinakula nini? Ukacheka mpaka begi ikaanguka. Mvua ndefu yote imepita, Baba Nekesa. Wiki ya kwenu iko na siku ngapi?

Na nani alinitia kwa hii maneno ya kulima? Mimi ni mtu wa ng'ombe, shule nilitoka darasa la nne, tena kwa dirisha. Ni wewe ulinisimamia nikipanda nyanya za kwanza maishani mwangu, mistari sita, ukinikemea: "Maji miguuni, Mzee! Usimwage kichwani, hii sio ubatizo!" Ni wewe ulinionyesha blaiti, ule ugonjwa wa viazi na nyanya, kwa shamba la mtu pale Kisaju. Doa la majimaji, kama jani limedondokewa na mafuta, halafu linakuwa kahawia. Ukageuza jani, chini kukawa na unga mweupe. Ukasema watu hudhani ni baridi imechoma, wanakaa wakingoja jua. "Wewe usingoje. Ng'oa siku hiyo hiyo, uzike mbali. Huu ugonjwa unapanda upepo."

Basi huo ugonjwa ukaja. Ukaanzia wapi? Kwa viazi vyako! Wiki ya tatu, ukungu ulikaa mpaka saa nne asubuhi. Nikageuza jani, nikaona ule unga. Mashina yameanza kuwa meusi. Mke wangu akasema, "Si ung'oe?" Nikamwambia hiyo ni mali ya mwenyewe. Kwetu mtu akikuachia ng'ombe ikafa, unamwekea ngozi, akirudi aone ilikufa kweli, hukuila. Sasa kiazi kina ngozi gani? Urudi ukute udongo mtupu, si utatangaza Kitengela yote kwamba mzee amekula viazi vyako na chumvi?

Nikapiga simu. Yule mwanamke wa "mteja hapatikani" tumezoeana sana, karibu nimpelekee mahari.

Siku tano nilikungojea. Ya sita, blaiti ikaruka ua. Mstari wa kwanza, wa pili, yote. Nyanya za kijani, kubwa kama ngumi, zikatoka mabaka ya kahawia, magumu kama ngozi ya kiatu. Nikakimbia duka la dawa. Kijana wa huko akaniangalia kama nimeleta maiti hospitali: "Mzee, hii hupigwa dawa kabla haijaingia." Mimi nimezika ng'ombe wakati wa kiangazi, nikarudi nyumbani nikanywa chai. Lakini hizi nyanya nilikuwa nazisalimia kila asubuhi. Nilikaa kwa ndoo, nikatukana mpaka mbuzi wakahama.

Halafu Jumanne, yule mama anayeangalia plot yenu ya nyumba za kupanga akanikuta hapo. "Unamngoja nani? Huyo amestaafu, amerudi kwao kabisa. Vitu alitoa siku ulikuwa mnadani. Alisema hawezi kukuaga."

Hawezi! Mwanaume mzima, umebeba magunia ya saruji miaka yote hiyo, neno moja likakushinda? Kumbe ulisimama hapo na begi ukinicheka, na nyumba nyuma yako iko tupu!

Siku hiyo nikang'oa. Vyako kwanza. Nikachimbua kila kiazi, hata kile kidogo kama gololi, maana chochote kikibaki kitachipuka na ugonjwa wake. Nikazika kwa shimo la kufika kiunoni. Sikutupa kwa samadi, sikupea mbuzi. Mpangaji mpya wa nyumba yako alitaka kupanda nyanya hapo hapo. Nikamkemea vile ulikuwa unanikemea mimi. Msimu huu ni sukuma wiki na maharagwe tu, vitu blaiti haishiki.

Sasa sikia. Ungesema ukweli siku hiyo, viazi vingekuwa vyangu, na doa la kwanza ningeng'oa bila kuuliza mtu. Nyanya zingeiva. Na wewe ningekusindikiza hadi steji ya matatu, nikubebee hiyo begi, nikikutukana njia yote. Umeninyima yote mawili, bwana. Nyanya nitapanda tena.

Ni mimi, jirani yako wa upande wa choo,
Mzee