Mkungu wa Koku

Mpendwa dada Koku,

Redio imesema tena: serikali yetu na ya huko ulikoolewa zitakutana kuzungumza amani. Nimechoka, dada. Tangu zigombane na mpaka wa nchi kufungwa, hujakanyaga nyumbani.

Unakumbuka ulivyoolewa Masaka, Uhuru ungali mbichi? Tulipanda basi Bukoba tukiimba, tukavuka mpaka bila mtu kutuuliza tunakwenda wapi. Shilingi ilikuwa ileile pande zote mbili. Baba na mkweo wakagombana juu ya mahari, ukalia ukidhani ndoa imekufa. Wakaketi, wakapeana buni za kutafuna, na kabla kibuyu cha pombe hakijaisha walikuwa wanacheka. Hawa wakubwa wetu wana ndege na mahoteli, na bado wanatukanana redioni!

Sasa sikia kazi wanayotupa. Kila wakitangaza mazungumzo, mama anaagiza ukatwe mkungu wa ndizi za pombe, uvundikwe, ili wewe ukifika ukute lubisi, pombe yetu ya ndizi. "Koku waitu, binti yetu, hawezi kukuta vibuyu vikavu," anasema. Ndizi zinaiva, zinakamuliwa, pombe inachacha. Mazungumzo yanavunjika. Pombe wanainywa majirani. Juzi mwenyekiti wa kijiji, hana hata haya, alinisimamisha kwenye shamba la ujamaa: "Ndugu, wakubwa wanakutana lini tena?" Nilitamani kumpiga na jembe.

Mara ngapi nimemwambia mama kwamba watu hawa wanakutana ili wapigwe picha tu? Hanisikii. Na macho yake yamekwisha, dada. Uso wa mtu sasa anautambua kwa kuupapasa. Anataka kuupapasa wako kabla hajafa, hana haja nyingine.

Jana, redio ilipotangaza, nilijiandaa kwa ugomvi wetu wa siku zote. Mama akasikiliza, kisha akasema, "Izime, betri zisiishe." Nikangoja ataje mkungu. Hakuutaja. Akageukia ukutani.

Hilo sikuliweza. Leo asubuhi nimechukua panga, mimi mwenyewe mbishi, nikakata mkungu mkubwa kuliko yote shambani. Majirani wameniona wakacheka. Mama akauliza kutoka kitandani nani anakata ndizi.

Nikamjibu, "Ni mimi, mama. Koku anakuja."

Kwa hiyo tafuta njia, dada. Wakubwa wamezoea kunifanya mwongo. Wewe usinifanye.

Ndimi mdogo wako uliyemwachia mama,
Ijumbi