Kipa Asiyefungwa

Jumanne, 2 Septemba

Gemu ya Mwajuma imechaguliwa! Imechaguliwa! Kwenye mashindano ya gemu ya nchi nzima zimebaki nane, na moja imetoka hapa Kasingirima, chumbani kwangu, juu ya meza ninayokunjia nguo.

Chai sijanywa. Nimeandika hili kwanza.

Ni gemu ya mpira, ya kwenye simu. Siyo ile ya Ulaya yenye nyasi na mataa. Ni mpira wetu wa mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotua, wavuvi wa dagaa dhidi ya mafundi wa mitumbwi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, wanaume hawana kazi. Basi ni mpira wiki nzima. Mwanangu kayaingiza yote hayo kwenye simu. Mwaka mzima kakaa kitako. Watu wakasema kasoma kompyuta, kaja nyumbani kucheza. Waseme tena leo.

Na timu ya wavuvi, timu yetu, haifungwi. Hilo ni wazo langu mimi. Niliishia darasa la saba lakini mawazo ninayo.

Kuna sharti. Waamuzi wa Dar wameandika kwamba gemu inapendeza machoni, ila wao wenyewe waliichoka mapema. Airekebishe, awape watu waicheze, airudishe tarehe ishirini. Isiposhika watu, inatolewa. Mwajuma kaisoma barua mara tatu. Mimi mara moja, nikatoka kutangaza.

Nimeshawaambia mwalo mzima, mwenye duka, fundi cherehani, na imamu. Wifi Asha wa Gungu nimempigia simu. Kasema, "Kwa hiyo ataajiriwa lini?" Nikakata. Akiuliza, nitasema mtandao ulikatika.

Jumamosi, 6 Septemba

Aibu.

Mwezi umejaa, mitumbwi iko juu. Mwajuma kawapelekea simu wachezaji wenyewe. Akaanza Bakari, kapteni wa wavuvi. Kijana ninayemjua tangu anatambaa. Kacheza dakika mbili, karudisha simu.

"Dada Mwaju, hawa wanakimbia kwenye zulia. Mchanga uko wapi?"

Mwingine: "Nabonyeza, goli. Nabonyeza, goli. Hata mama mkwe wangu angeshinda, na haoni."

Wakacheka, wakarudi kwenye mpira wao. Nikawaambia wote ni wajinga, hawajui kitu cha maana kikiwa mbele yao. Mwajuma akanivuta mkono. Hajala mchana. Ana siku kumi na nne.

Jumapili, 7 Septemba

Leo nimeutazama mpira. Kweli kweli. Miaka ishirini na mbili naanika dagaa pembeni ya ule uwanja, sikuwahi kuutazama. Nilikuwa naulinda usiniharibie.

Nimeandika kwa kalamu juu ya gunia, nanakili hapa.

Juu, mchanga ni mkavu. Mguu unazama, mpira unakufa. Mwenye mbio hapo hana mbio.

Chini, karibu na maji, mchanga umelowa, mgumu kama sakafu. Mpira unateleza. Ndiyo maana wote wanagombea upande wa ziwa. Lakini wimbi likija linakunyang'anya, na wimbi halina timu.

Maji ya goti, cheza. Maji ya paja, rusha. Kila siku wanabishana goti la nani.

Mpira ukiangukia dagaa, ni wa mwenye dagaa. Naukalia. Kapteni aje apige goti, "Shikamoo mama, samahani mama." Ndipo nauachia, na nampa nimtakaye. Refa hana neno hapo. Leo Bakari kapiga goti mara mbili. Nikakumbuka zulia lake, nikawapa mafundi.

Nimempelekea Mwajuma gunia. Kasoma mpaka mwisho. Halafu kacheka mpaka kakaa chini. "Mama, kwa nini hukuniambia mapema?" Kwani aliniuliza? Yeye mwenyewe kakulia humo humo. Macho yakizoea kitu hayakioni tena.

Jumatano, 10 Septemba

Amefanya kazi siku tatu. Mchanga umo. Wimbi limo. Mama anayeukalia mpira yumo, ana kitenge cha njano, na kapteni asipowahi kupiga goti anaukalia mpaka mechi inaisha. Sauti inayolia "Dagaa zangu weee!" ni yangu. Tulirekodi nyuma ya nyumba. Jirani akaja mbio na mwiko.

Bakari kacheza tena. Safari hii kakaa. Kakunja uso, katoa ulimi, kasukuma bega kama yuko uwanjani. Nikajisemea, haya sasa.

Halafu akaweka simu chini. "Imenoga. Lakini mbona sisi hatufungwi? Nimempisha fundi apige makusudi. Mara sita. Yule kipa anadaka tu. Nikijua nitashinda, nacheza ya nini?"

Mwajuma kaniangalia. Mimi nikaangalia ziwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Yule kipa wa kwenye gemu, mwenye kofia ya bluu, ni Salum. Mume wangu, baba yake Mwajuma. Alidaka mwaloni pale miaka kumi na tano. Ana miaka sita kaburini. Mwajuma alipomchora nililia, nikamwambia, baba yako asifungwe humo. Hata mara moja. Mtoto akanitii. Anajua kuliko mimi kwamba hivyo si mpira, akanitii.

Leo hajaniomba chochote. Hilo ndilo linaloniuma. Zimebaki siku nane, anapanga vitu vingine, anapaka rangi mitumbwi. Anaizunguka ile kofia ya bluu kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa.

Nina hasira na Bakari. Nina hasira na nafsi yangu zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwambia.

Nimeanika dagaa, nimerudi, nimekaa naye mezani. Nikamwambia baba yako alikuwa anafungwa. Alifungwa sana! Siku moja mafundi walimpiga tano, akaja nyumbani akalaumu jua. Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Nikamweleza alivyodaka, kama mwenyewe alivyonisimulia kila jioni. Kulia alikuwa chui. Kushoto mlango wazi, maana bega la kushoto liliharibika kwa kuvuta nyavu. Akajua udhaifu wake, basi anasimama hatua moja zaidi kushoto, kwa ujanja, mpigaji aone kulia kuna nafasi. Akipiga kulia, kwisha habari yake. Ila Fundi Ezekieli, kapteni wa mafundi enzi hizo, hakudanganyika. Huyo alipiga kushoto tu, kila mwezi mpevu, na Salum kila mwezi alimtukana, kisha wanakula ugali pamoja.

Mwajuma anaandika, machozi yanadondoka kwenye vibonye. Nikamwambia futa, utaharibu mashine.

Mwanangu hakuyajua hayo. Alikuwa na baba ukuta. Sasa ana baba.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekosa pa kuanzia.

Foleni! Kuanzia saa tisa mchana mpaka chaji inaisha. Tukachomeka kwa mwenye duka, foleni ikahamia dukani. Watu wanabishana kuhusu goti na paja ndani ya simu kama wanavyobishana nje. Bakari kafungwa matatu, kasonya, kataka tena. Wa kwanza aliyesema zulia! Nimemkumbusha mbele za watu. Kasema, "Mama Mwaju, yaishe."

Halafu akaja Fundi Ezekieli. Mzee sasa, vidole vina lami ya mitumbwi. Hakutaka kushika. Wakamlazimisha. Kapewa timu yake ya mafundi, akafika golini. Kipa wa kofia ya bluu akasogea hatua moja kushoto.

Fundi Ezekieli akasimamisha kidole.

"Huyu ni Salum."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakuna! Uso wa kwenye simu ni mdogo kama harage. Kamjua kwa hatua moja.

Akapiga kushoto. Goli. Mzee mzima karuka, kiatu kimoja kikabaki chini, anapiga kelele, "Nilimfunga pale pale! Pale pale!" Mechi ya pili akapiga kushoto tena, na Salum akaufikia kwa ncha ya vidole. Mwalo wote ukalipuka. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Sioni haya. Mtoto ni wangu, mume ni wangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Imetumwa. Mtandao ulisumbua, Mwajuma akapanda bodaboda hadi Kigoma mjini na mashine kifuani. Imefika. Sasa kungoja. Mimi kungoja sijui.

Ijumaa, 26 Septemba

YA KWANZA. Kati ya zote nane, ya kwanza!

Mwamuzi mmoja kampigia Mwajuma simu mwenyewe. Kasema walikuwa wanafungwa na wanaomba kurudia. Kasema kipa wetu anaudhi na wanampenda. Mwajuma kasema ahsante, ahsante, kisha kaniinua juu, na mimi si mwepesi.

Kampuni moja itaisambaza, mkataba anausoma mwenyewe neno kwa neno. Nimetangaza hadi sokoni Ujiji. Wifi Asha kapiga simu yeye. Nimepokea. Tumelia wote wawili.

Jumapili, 28 Septemba

Nyumba imetulia. Mwajuma kalala mchana wa leo, mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Nimechukua simu. Sijawahi kuicheza, kila siku nilikuwa mtangazaji tu. Nimechagua mafundi. Nimezama mchangani, nimenyang'anywa na wimbi, nimekaliwa mpira na mama wa kitenge cha njano. Dakika za mwisho nikajikuta golini, mimi na yeye. Akasogea kushoto.

Nikapiga kushoto. Ukaingia.

Akaokota mpira wavuni, akapangusa kofia, akaurudisha katikati. Ndivyo alivyokuwa. Nikasema pole, Baba Mwaju. Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri.

Sherehe ni hapa hapa mchangani, mitumbwi ikiwa juu. Wa Simbo wanakuja, wa Gungu wanakuja, waamuzi wanapanda ndege. Mchele nimeagiza. Jumamosi, tarehe nne Oktoba, saa tisa mchana.