Lori ya Kambale Imerudi

Jumatatu, 10 Februari

Umeme umekatika tena, nimefanya kazi kwa betri. Programu ya malori ya patron Muhindo, bosi wangu, iko tayari. Dereva akifika mji wowote anabipu depo yetu ya Lubumbashi, karani anampigia na kuingiza jina la mji. Lori ikirudi, mke wa dereva anapata ujumbe.

Kazi yote nimeipa fanksheni moja, kipande kimoja cha programu. Inaangalia anayeiita anataka nini. Akitaka vitu vingi, inampa miji yote. Akitaka kimoja, mji wa mwisho. Akitaka ndiyo au hapana, inasema kama lori imerudi. Nimeijaribu kwa lori iliyomo depo, na kwa lori ambayo haijabipu popote. Safi. Najiona mjanja.

Jumatano, 12 Februari

Vita ya mashariki inateremka. Watu wanakimbia Kalemie, wanajazana Pweto. Mazutu ya kutia kwenye malori hakuna. Unga umepanda tena. Lori zote zimesimama isipokuwa ya Kambale, iko njiani kutoka Pweto. Jioni tumewasha ujumbe wa wake za madereva.

Ijumaa, 14 Februari

Masika, mke wa Kambale, ametoka mtaa wa Ruashi kwa miguu, mtoto mgongoni.

"Bwana yangu iko wapi? Message yenu inasema lori ilisha rudia."

Depo hakuna lori. Wanaume wakacheka: basi ameingia mjini kimyakimya, amepitia kwanza kwa deuxième bureau, mwanamke wake wa pembeni. Nami nilicheka. Programu ilisema amerudi, sikuona sababu ya kuibishia.

Masika hakulia. Alikwenda mtaa wa Katuba kumtafuta huyo mwanamke. Hakuna aliyekwenda kumtafuta Kambale.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeiuliza fanksheni mji wa mwisho wa Kambale. Kilwa. Tangu Jumanne.

Mjinga mimi. Lugha hii ya kompyuta inajua mawili tu: kimoja au vingi. Ndiyo-au-hapana kwake ni kimoja. Kwa hiyo ilijibu "Kilwa", na neno lolote lisilo tupu linahesabiwa ndiyo. Lori ya depo ingejibu ndiyo hata hivyo. Ile isiyobipu haina mji, ingejibu hapana. Jaribio langu lisingeweza kuliona kosa.

Nilimwambia patron palepale. Alipiga meza.

"Ngalula, ni weye ulisema lori iko hapa!"

Jeep ya patron imeondoka kuelekea Kasenga, njia ya Kilwa.

Jumatatu, 17 Februari

Wamempata. Lori ilipinduka kabla ya kufika Kasenga, askari waliokimbia vita wakaipora. Wanakijiji walimvuta Kambale wakamlaza nyumbani kwao, mguu umevunjika, simu imeibwa. Hospitali wameukata mguu. Daktari alisema: angeletwa Alhamisi, ungepona.

Alhamisi ndiyo siku Masika alikuwa akipika kumngoja, kwa kuamini ujumbe wetu.

Nimelia chooni. Najichukia.

Alhamisi, 20 Februari

Fanksheni nimeipasua ziwe tatu. Kila moja jina lake, kila moja jibu lake.

Kambale ameletwa Lubumbashi. Nilikwenda na bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nikamweleza Masika yote, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, akapokea sufuria, akampa mumewe chakula. Hakunikaribisha kiti.

Lori mbili zilitoka juzi kubeba wakimbizi wa Pweto. Kambale alizisikia.

"Na benzangu, balisha fika?"

Jibu lilikuwa kwenye simu yangu, kubonyeza tu. Nilitoka kwenye varanda nikawapigia madereva, mmoja mmoja, mpaka nikasikia sauti zao.