Kompyuta ya Bure Inanitaka Neno la Siri

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba haijaharibika. Mimi hutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha za marehemu, hapa Lanet, na laptop yangu ilipozeeka shemeji yangu Kibii, ndugu mdogo wa bwanangu, aliiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, akasema ni ya bure, nami nikajiuliza ni nani siku hizi anampa mtu kitu cha bure, na tangu hapo kuna kialama hutokea pembeni kikitaka neno la siri ndipo mashine ijisasishe, nakataa, na Kibii kila akija ni "Shem, ume-update?", sasa juzi familia moja ya Keringet ikanipa picha za mzee wao, sikumwambia mtu, na Kibii huyo, "Nimesikia mzee wa Keringet ametuacha," alijulia wapi kama hachungulii laptop yangu? Nilimwambia bwanangu, wakakosana, mpaka leo hawaongei. Tena kuna mtu kwenye WhatsApp ya mtaa ametuma mstari wa maandishi, eti nikiubandika kwenye laptop hakuna atakayenichungulia tena. Niubandike? Mazishi ni Ijumaa.

Nerima, Lanet

Nerima, usibandike chochote! Unamshuku mtu anayekula ugali mezani kwako, halafu huyo wa WhatsApp usiyemjua hata sura unataka kumfungulia mlango. Mimi pia ni mtu wa kushuku, lakini habari ya kifo haingoji programu. Keringet nzima ilijua kabla hujawasha hiyo laptop.

Neno la siri linaulizwa kwa sababu mashine ni yako na haibadilishwi bila ruhusa yako. Haliendi kwa Kibii. Kama ni yeye aliyelichagua, libadilishe leo.

Kisha nakili kazi ya mazishi hayo kwenye flash. Fungua kialama hicho, ukubali marekebisho ya usalama peke yake, maana ndiyo yanayowazuia wezi, na kwa kuyakataa umekuwa ukilala mlango wazi. Ukiulizwa kama unataka kuhamia toleo jipya, kataa wiki hii. Baada ya mazishi, hifadhi kwanza nakala ya mfumo mzima, ndipo uhame, na uchague toleo linalotunzwa kwa miaka, si la majaribio.

Jumapili mwite Kibii akuelekeze, bwanako akiwepo. Aelekeze kwa mdomo, wewe ubonyeze. Halafu mwambie mbele ya ndugu yake ulichomshuku, na umwombe msamaha. Hao wawili ni wewe uliyewatenganisha, si laptop.