Jina Kwenye Wimbo wa Saba

Lisboni
Jumapili, baada ya ibada

Mume wangu, Baba Lusajo,

Kabla sijakuuliza hali, pokea pole yangu tena, hii ya maandishi, maana ile ya simu ilikatika nikilia. Mama anaendeleaje? Anakula? Najua magoti yanamsumbua mvua zikianza. Na Lusajo, kikohozi kimeisha? Mwambie picha yake ya sare nimeipata, nimeibandika jikoni. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina, na sababu imo humu. Isome peke yako kwanza. Usiisome mbele ya mama.

Uliniambia siku ya kusimika msalaba wa baba utawaonyesha ndugu kasha la santuri, lizunguke mkono kwa mkono, kila mtu asome jina lake. Baba Lusajo, jina lake halipo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nakupa vipande vipande.

Huyu bibi ninayemtunza, Dona Celeste, zamani alikuwa mwimbaji mwenye jina kubwa kwao Brazili. Mwaka huu wenzake watatu, wanamuziki wazee kama yeye na wote wanajulikana, waliamua watoe naye albamu moja ya pamoja kabla hawajaanza kuzikana. Hayo ni maneno yao, wanayasema wakicheka. Muziki wao unaitwa bossa nova. Gitaa linapigwa taratibu, na mtu anaimba kwa sauti ndogo kama ana mtoto mgongoni ambaye ndiyo kwanza amelala. Mazoezi walifanyia sebuleni kwetu kwa kuwa Dona Celeste hawezi ngazi. Mimi nikawa mtu wa kahawa na dawa.

Siku moja nilikuwa namenya viazi huku naimba chini chini ule wimbo wa baba, ule alioutunga alipomzika dada yako mkubwa. Gitaa la sebuleni likanyamaza. Mzee Anselmo, mpiga gitaa wao, akaja mlangoni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaufuata kwenye nyuzi zake, akapotea palepale ambapo na mimi zamani nilikuwa napotea. Kabla hawajaondoka siku hiyo walikuwa wamekubaliana uingie kwenye albamu, na niuimbe mimi mwenyewe, kwa Kinyakyusa.

Unajua nilivyoupata wimbo ule. Kule mjini Bulyaga siku hizi wakwe na wake za watoto wao wanaangalia televisheni kwenye kochi moja, lakini kwetu Kisondela baba yako alikuwa mtu wa mila: mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hamtaji jina. Miaka tisa nimeishi pale, sijawahi kumtazama usoni. Nikisikia kikohozi chake njiani, naingia migombani na ndoo yangu kichwani mpaka apite. Sikuwahi kumwamkia, wala kulitamka jina lake. Ila jioni alipokaa nyuma ya jiko na gitaa, mimi ndani napuliza moto, kati yetu ukuta mmoja tu, nilimsikia alivyo hasa. Nilimpenda baba yako kuliko wewe ulivyodhani.

Ikaja siku ya studio. Tulipomaliza, akaja mama mmoja na karatasi zake.

"Mtunzi nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Jina lake?"

Mdomo ukagoma. Akanisogezea kalamu: "Basi andika." Mkono nao ukagoma. Wazee wote wanne wananitazama. Yule mama akachoka kusubiri, akauliza, "Au ni wimbo wa kienyeji tu, hauna mwenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Utasema ni mila. Na mimi nilijidanganya hivyo wiki nzima. Lakini mila haikunikataza kusema, "Ngojeni nimpigie mume wangu, atawatajia yeye." Ingekuwa dakika tano. Sikusema kwa sababu niliona aibu. Ningeanzaje kuwaeleza watu wale kwamba mimi, mtu mzima, siwezi kutaja jina la mzee niliyekula chakula cha shamba lake? Niliogopa kuonekana mshamba. Kwa aibu hiyo nimemnyang'anya baba yako wimbo wa mtoto wake.

Halafu ile siku ya hospitali, kule Igogwe. Ulimwekea baba wimbo pale kitandani kwenye simu ya mama, mimi ukiwa umeniacha hewani kwenye yako. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia akisema, "Ndiyo sauti yake hiyo? Miaka yote sikuijua." Nikajiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akakuuliza, "Na jina langu wameliandika?"

Ukamjibu, "Wameliandika, taata. Kwa herufi kubwa."

Akashukuru, "Ndaga fijo."

Na mimi nikanyamaza. Wewe hukumdanganya, hukujua. Aliyemdanganya ni mimi, kwa kunyamaza. Siku ya tatu akafa.

Jana nilimweleza Dona Celeste yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini sikusema siku ile, wangenisubiri. Kisha akampigia Anselmo. Makasha yameshachapwa yote na yameshatoka. Kwenye mtandao watajaribu kurekebisha, hawakuahidi. Kuja kaburini siwezi, karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisini na nikitoka sirudi. Sijui hata kama inawezekana kumwomba msamaha mtu ambaye hukuwahi kumwamkia.

Sista wa Igogwe aliyekuwa huku masomoni anarudi Jumatano, ndiye atakayekupa bahasha hii pamoja na kasha. Mama mkumbatie kwa niaba yangu, mwambie mablanketi yanakuja. Wifi Tusekile mwambie nashukuru kwa kumfulia baba mashuka siku zote za hospitali, kazi ambayo hata ningekuwepo mila isingeniruhusu kuifanya. Shemeji Ambakisye, mdogo wako, mpe pole, na gitaa la baba lisitoke mikononi mwake. Lusajo mbusu. Ndugu wengine uwaambie ukweli au usiwaambie, mwenye kuamua ni wewe. Ukinikasirikia nitaelewa, ila usikae bila kunipigia.

Sasa fungua kasha, utafute wimbo wa saba. Wameandika: wimbo wa kienyeji, mtunzi hajulikani. Maneno hayo nimeyakata kwa kalamu. Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilifunga mlango nikaliandika juu yake jina la baba yako, lote, mimi mwenyewe. Mstari umepinda, lakini linasomeka. Nimeliandika kwa herufi kubwa, kama ulivyomwambia.

Mkeo,
Mama Lusajo