Dakika Moja ya Kimya pale Iguguno

Kaka yangu Kiula,

Barua huanza kwa kujuliana hali, ila yako sithubutu kukuuliza, na yangu utaiona huko mbele. Mama yupo, miguu tu inamsumbua. Alizeti mwaka huu imekubali. Habari njema ndizo hizo, nimezimaliza.

Mzee amefariki. Namsema yule Mzee wako, Rais wa zamani, uliyempa mkono hapa Iguguno msafara wake uliposimama kusalimia watu. Ulikuwa juu ya lori la alizeti. Ukaruka chini, ukapenya katikati ya mapande ya watu wa usalama, ukamshika mkono. Wiki nzima ukawa unakula kwa kijiko usije ukauosha mkono ule, mpaka Mama akakutishia mwiko. "Laini kama andazi," ulituambia, "lakini kanishika kweli." Tulikucheka sana. Wewe uliamini kabisa kwamba ipo siku atakukumbuka.

Kwa hiyo niliposikia mwili utapita barabara kuu ukipelekwa kwao kuzikwa, nikasema lazima niende, niende kwa niaba yako. Watu walijaa pande zote mbili. Akina mama walivua kanga za mabegani wakazitandika kwenye lami ili gari lipite juu yake. Wanaume wazima walilia. Mimi nililitazama lile jeneza lenye bendera nikasema moyoni, huyu anasindikizwa na nchi nzima, na kaka yangu hata sanda hakupata. Nilimwonea marehemu wivu, kaka. Sikujua kama inawezekana.

Gari likasimama. Mtu wa kipaza sauti akasema, "Ndugu wananchi, tumkumbuke Mzee wetu kwa dakika moja ya kimya." Injini zikazimwa, na hata wauza karanga wakanyamaza.

Kimya kile nakijua. Ndicho kile cha machimboni Sekenke, siku ya tatu baada ya duara lenu, lile shimo la dhahabu, kutitia ukiwa ndani peke yako, wenzako wamepanda kula. Kila baada ya muda msimamizi alipiga kelele, "Kimya!" Sururu zinatulia, mashine ya kuvuta maji inazimwa, nami nalala kifudifudi, sikio kwenye mwamba, kusikiliza kama unagonga. Kazi hiyo walinipa mimi kwa sababu ya masikio yangu. Si wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nasikia hata panya akikohoa?

Basi pale Iguguno, mbele ya jeneza la Rais, nilijikuta nimelala chini, sikio kwenye lami ya moto. Mama mmoja akaanza kunipepea. "Jamani, maskini, huyu alimpenda Mzee!" Mwingine akaitisha maji.

Aliyeelewa ni Rajabu peke yake. Unamkumbuka Rajabu. Ndiye aliyekuwa mbele kabisa akikufuata kule chini, anafukua kwa mikono huku kifusi kinamdondokea mgongoni. Alipiga magoti kando yangu akaniuliza vilevile walivyokuwa wakiniuliza Sekenke.

"Kuna kitu?"

"Anagonga," nikamwambia.

"Anagonga leo?"

"Siku ile."

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Akauondoa.

Sasa niseme na kwako, ingawa wewe ndiye uliyetangulia kujua. Siku ile ya tatu uligonga. Sauti ndogo, mbali, lakini ulikuwa wewe. Ukuta ulikuwa umeanza kumwaga mchanga, na msimamizi alisema kama hakuna kitu anawatoa watu. Akaniuliza, nikajibu kwa nguvu wote wasikie, "Hakuna kitu. Kimya tu." Miaka yote nimejiambia kwamba niliwaokoa akina Rajabu, wenye watoto. Hiyo ni nusu. Zamu iliyofuata ya kuingia ilikuwa yangu, na niliogopa. Niliogopa, kaka, basi. Wakatoka, mchungaji akaomba juu ya shimo, na kabla jua halijazama ukuta wote ukashuka. Watu wakasema Mungu amewanusuru, nami nikaitikia amina pamoja nao.

Tangu hapo nakusikia. Nikipiga jembe shambani, nasikia linajibiwa kutoka chini. Mvua ikianza kwa matone machache juu ya bati, natoka nje. Mlango wa chumba changu niliung'oa nikaweka pazia, ili asitokee mtu wa kuugonga. Majirani wanadhani ni joto.

Msafara ulipoondoka, akina mama wakakung'uta kanga zao. Rajabu alikuwa bado amepiga magoti.

"Mimi niko hai kwa uongo wako," akasema. "Siwezi kukuhukumu, wala kukusamehe siwezi. Nenda kwa mama yenu."

Nilikwenda moja kwa moja, na vumbi la barabarani usoni. Mama alikuwa uani anapeta mtama. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote, pamoja na ile zamu yangu. Alipeta mpaka nikamaliza.

"Aligonga mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama."

Akaweka ungo chini.

"Na yeye kule chini, alikusikia ulivyojibu?"

Mimi nawe tunajua kwamba ndani ya duara sauti inashuka vizuri kuliko inavyopanda. Mama hajauliza tena. Ananipakulia chakula kama kawaida, lakini nikiongea ananitazama mdomo.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimezunguka kote huko, kwa Mzee na kanga na vilio vya watu, ili nifike kwenye swali moja la mama yako. Nilipanga kukuomba msamaha, kisha nikaona ni aibu kukuomba tena kitu.

Kama hukunisikia, pumzika, kaka yangu, yamekwisha. Kama ulinisikia, usinyamaze. Endelea kugonga, ni haki yako, na mimi sitasema tena kwamba hakuna kitu.

Ni mimi,
mdogo wako