Nyumba Zote Ulipita, Yetu Ukairuka

Mpendwa Baba Kadzo,

Nakuandikia nikiwa barazani, jua la saa saba linawaka, na kaburi lako naliona kutoka hapa nilipoketi. Nimelifagia asubuhi kama kawaida. Nalitaja hilo mapema usije ukadhani ninachotaka kukwambia nakisema kwa chuki.

Kuna sheria inapendekezwa. Watu wa mjini wasizike tena uani, na makaburi yaliyopo yahamishwe, yapelekwe kwenye makaburi ya umma nje ya mji. Kabla haijapitishwa, wakubwa wanataka kujua wananchi wangapi wanaiunga mkono. Wakatafuta wakusanyaji maoni, na mimi nikapewa mtaa wetu wa Kibarani, nyumba zenye makaburi tu. Ni kazi yetu ileile, ila siku hizi hatuandiki. Tunabonyeza majibu kwenye simu ya ofisi.

Unakumbuka tulivyokutana? Walitupanga pamoja, wewe na shati lako la mikono mirefu na daftari la kijani, mimi na viatu vinavyonibana. Nyumba ya kwanza ukapewa kiti, ukakikataa, ukaenda kukaa juu ya kinu cha watu kilichokuwa kimelazwa. Nilishikwa na haya mpaka nikatazama chini. Mwenye nyumba akakufokea: "We baba, kinu hakikaliwi. Hukufunzwa kwenu?" Ukasimama, ukaomba radhi, ukauliza swali lako, naye akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Njiani ukanieleza: "Ukikaa kwenye kiti cha mgeni unapewa jibu la mgeni. Mtu akishakugombeza, hana tena haja ya kukudanganya." Nilikucheka mpaka stendi. Mwaka haukuisha, nikawa mkeo.

Sasa sikiliza yaliyonikuta wiki iliyopita.

Nilianzia kwa Mama Karisa, muuza mahamri. Ameolewa mtaani petu wewe ukiwa ushatutoka, kwa hiyo hakukujua. Nikamuuliza kuhusu sheria. Akaitazama simu, akajibu upesi: "Ndiyo, naunga mkono." Nikabonyeza. Nikiwa nainuka akasema, "Lakini mbona mwatuuliza mara mbili? Mwenzio kapita jana."

"Mwenzangu yupi?"

"Mwanamume mrefu, ana daftari la kijani. Hana adabu yule. Nimempa kiti, kaenda kukalia kinu changu. Nikamgombeza sana."

"Ukamjibu nini?"

Akainamisha kichwa. "Yeye nilimwambia hapana. Mavyaa wangu, aliyemzaa mume wangu, amelala pale nyuma ya jiko, dada. Nimhamishie wapi?"

Daftari lile nililiweka mwenyewe ndani ya jeneza lako, chini ya mkono wa kulia. Nikajiambia ni mtu mwingine wa ofisi. Nikapiga simu kuuliza, nikaambiwa Kibarani niko peke yangu.

Nyumba ya pili wakanijibu ndiyo. Nikageuka kukitafuta kinu. Kilikuwa kimelazwa karibu na mlango, kimejaa vumbi kote isipokuwa katikati, mahali pa kuketi mtu. Nyumba ya tatu hivyo hivyo. Kufika ya tano sikuuliza tena habari zako, walinieleza wenyewe, wakicheka, jinsi walivyokufokea, na hata waliokuzika hawakukutambua. Simu yangu ilijaa ndiyo na daftari lako likajaa hapana. Yote hayo mchana kweupe, watu wanaanika nguo, redio zinaimba, nami natembea nyuma yako. Nikiharakisha, naambiwa umepita asubuhi. Nikidamka, naambiwa umepita jana.

Niliogopa, sikufichi. Lakini lililonitisha zaidi halikuwa wewe. Nilijua kwa nini wananidanganya: simu ile ni ya serikali, na nani atakayeikatalia serikali mlangoni pake? Nilijua pia kwamba nikizituma ndiyo zile kama zilivyo, makaburi yatahamishwa. Nami, Baba Kadzo, nataka yahamishwe.

Basi nimeshasema. Binti yetu amepata kazi Mtwapa, amekodi chumba, kila wiki ananiita nikaishi naye. Kila nikifunga mzigo, mama yako husimama mlangoni akaniuliza, "Kaburi la mwanangu wamwachia nani?" Nami naufungua mzigo. Nilikupenda na bado nakupenda, lakini nimechoka kuishi na mtu ninayemwamkia kila siku asiniitikie. Wangekuhamisha, ningekuja kukuzuru kama watu wanavyozuru makaburi, kisha nikaenda zangu.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha ilikuwa yetu. Mama yako alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kuna mtu aliyepita kuuliza maoni.

"Hajapita mtu," akasema.

Nikaenda kukitazama kinu chetu. Kilikuwa kimesimama kwenye pembe yake, buibui ametanda juu. Ulipita kushoto kwetu na kulia kwetu, yetu ukairuka. Hilo ndilo lililoniliza. Uliliogopa jibu langu?

Ripoti nimeituma leo asubuhi. Pale pa maelezo ya mkusanyaji nimeandika ukweli, kwamba ndiyo za Kibarani ni za woga, kwamba wakiulizwa vingine watu hawa wanakataa, na wakubwa wasizitegemee. Najua nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nisingeweza kufanya vinginevyo, maana kazi hii umenifunza wewe. Ila kwenye nyumba yetu, mbele ya jina langu, nimebonyeza ndiyo, na hiyo ni ya kweli. Mtaa mzima ni hiyo moja tu.

Kinu nimekipangusa, nimekilaza hapa mlangoni. Kiti sitakupa. Njoo ukalie kinu, nikugombeze, kisha uniulize na mimi.

Mkeo,
Mama Kadzo